Mwongozo kamili: kujipangia ruti ya baiskeli kwenye bonde la mto bila kupumuliwa kisogoni na malori

Fungua ramani ya bonde lolote la mto, utaona barabara moja nene imelala pembeni ya maji mwanzo mwisho, na wengi wetu tukishikwa na hamu ya kuendesha bondeni tunaifuata hiyohiyo maana ndo inayoonekana, afu tunarudi tumenuna tunasema bonde zuri ila malori bana. Bonde halina kosa. Tumefuata tu barabara ambayo kila mwenye haraka anaifuata, wakati karibu kila bonde lina nyingine, nyembamba, imejificha, ambayo mtu wa gari hana sababu ya kuipita. Hapa naeleza navyoitafuta mimi hatua kwa hatua, kwa baiskeli ya resi au yoyote ya tairi nyembamba inayotaka lami. Nikiwa na bonde jipya huwa nakaa na ramani jioni mbili hivi kabla sijapanda baiskeli, na hizo jioni mbili ndo zinaamua siku yenyewe itakuwa tamu au chungu.

Hatua ya 1: soma mto kwanza, barabara baadaye

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote kwa hiyo nivumilie kidogo.

Mto ukikata kona, maji ya upande wa nje yanakimbia na yanakula ardhi, ndo maana upande wa nje wa kona mara nyingi unakuta genge au mteremko mkali unaoingia majini moja kwa moja. Upande wa ndani maji yanapoa, yanatua mchanga na udongo, panakuwa tambarare, pana mashamba na nyumba. Sasa jiweke kwenye viatu vya mhandisi aliyeambiwa apitishe barabara kuu hapo: atachagua ukingo wenye tambarare nyingi na magenge machache, akibanwa atavuka daraja ahamie ng'ambo, na zikiwepo hela atatoboa mlima. Reli nayo hivyohivyo, tena reli ina masharti makali zaidi maana treni haiwezi kupanda mlima wa maana.

Ukingo aliouacha ndo wako. Mi nauita ukingo maskini. Unakuwa na kibarabara cha kuunganisha kijiji na kijiji, kinapanda pale genge linapoziba, kinashuka tena majini, kinapinda bila sababu, na dereva anayekwenda mbali hakitaki hata bure. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchukua ramani na kufuata barabara kuu kwa kidole tangu unapoanzia mpaka unapoishia, ukiandika pembeni iko ukingo gani kwa kila kipande. Ukingo wa kushoto na kulia unahesabiwa ukiwa umeangalia maji yanakoelekea, usije ukajichanganya ukimuelekeza mwenzio. Ukishamaliza, geuza: barabara kuu ikiwa kushoto wewe kulia, ikivuka kwenda kulia na wewe vuka kwenda kushoto, yaani mnapishana darajani. Hapo tayari una mifupa ya ruti.

Kitu cha pili cha kuwinda ni barabara zilizostaafu. Tafuta mahali barabara kuu ya sasa imenyooka ghafla au imeingia handaki ikakata shingo ya kona kubwa ya mto. Kabla ya hilo handaki magari yalikuwa yanapita wapi? Yalizunguka kona yote pembeni ya maji, na mara nyingi ile lami ya zamani bado ipo. Hizi ni dhahabu. Upana wake ni wa barabara kuu kabisa, mteremko wa kistaarabu kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya malori, na hakuna mtu. Niliwahi kuingia moja ya hivyo, mstari wa katikati ulishafutika nusu, kwenye nyufa za lami nyasi zimeota zimefika kwenye goti la mguu ulioshuka na padeli, mawe ya kilomita bado yamesimama na namba zake, na sauti pekee ilikuwa cheni yangu na maji. Malori nilikuwa nayasikia kwa mbali yakiingia handaki upande wa pili wa kilima. Kona nzima ilikuwa kilomita 4 tu lakini ndo nilichokumbuka safari nzima.

Ila sio kila bonde lina ukingo maskini. Mto Rhine kati ya Bingen na Koblenz huko Ujerumani kila ukingo una barabara kuu yake na reli yake, wamebanana huko chini kama samaki koponi. Bonde la namna hiyo utulivu unautafuta juu, kwenye vibarabara vya vijiji vilivyo juu ya magenge, unashuka majini mara moja moja kusalimia afu unapanda tena. Na kuna sehemu ukingo maskini ni maskini kupita kiasi, hauna njia kabisa. Kwenye ile kona kubwa ya mto Danube pale Schlögen, Austria, kipande cha ukingo wa kaskazini hakipitiki kwa baiskeli na watu wanapakiwa kwenye boti ndogo. Kama kwako hakuna boti ujue mapema.

Hatua ya 2: andika madaraja yote kwenye karatasi

Bondeni huwezi kukata kushoto au kulia unavyotaka. Mto ni ukuta na milango yake ni madaraja, kwa hiyo andika kila daraja na umbali wake. Tuseme lipo la kwanza unapoanzia, la pili kilomita 11 juu, la tatu kilomita 26 juu. Kingo zote zikiwa na barabara za kufaa, hapo tayari una mizunguko mitatu: kilomita 22 kati ya la kwanza na la pili, 30 kati ya la pili na la tatu, na 52 ukizunguka yote. Pia una mahali pa kukatisha safari kama miguu imegoma au mvua imekuja.

Kila daraja liulize maswali. Ni la magari, la miguu, au la treni? Linapitika kwa baiskeli au lina ngazi? Barabara kuu ndo inapita juu yake na kama ndivyo lina urefu gani, maana mita 300 za daraja jembamba na lori nyuma yako ni ndefu kuliko unavyofikiria. Mimi siku moja nilipanga mzunguko mzuri sana kwenye simu nikiwa nimelala kitandani, mstari ulivuka mto vizuri tu, nikafika pale nikakuta ni daraja la reli, limewekwa uzio na kibao cha kukataza, na daraja lingine ni lile nililoliacha kilomita 14 nyuma. Nilirudi kwenye upepo wa uso bila maji. Tangu siku hiyo kila daraja nalitazama kwa picha ya satelaiti, unakuza mpaka unaona kama kuna lami au mataruma.

Pantoni nazo zihesabu ila zipe alama ya kuuliza. Nyingi zina saa zake, nyingine zina msimu, na maji yakijaa zinasimama. Ukipanga ruti inayotegemea pantoni, panga na ya pili isiyoitegemea.

Hatua ya 3: chora kwenye programu, afu usiiamini

Programu za kuchora ruti ziko nyingi, Komoot, Ride with GPS, cycle.travel na nyinginezo, na karibu zote zinategemea data ya OpenStreetMap, ramani inayotengenezwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Ukiiambia tu nipeleke toka hapa mpaka pale nyingi zitakupeleka njia fupi, kwa hiyo wewe weka vituo katikati ukiilazimisha ipite ukingo uliouchagua kwenye hatua ya 1. Usiruhusu programu ikuamulie, wewe ndo umeshasoma bonde.

Baada ya hapo kagua kipande kwa kipande. Kwanza hadhi ya barabara, OpenStreetMap inazipanga toka barabara kuu za mikoa mpaka vinjia vya kijijini na rangi zinatofautiana, unataka zile mbili za chini zenye lami. Pili upana: kwenye satelaiti tafuta gari lililopaki au linalopita ulinganishe, kama magari mawili yakipishana moja lazima lipande majani, basi hapo hakuna anayekimbia. Kukosekana kwa mstari wa katikati pia ni dalili nzuri. Tatu lami yenyewe, na hapa ndo pana mitego maana ramani nyingi haziandiki kama barabara ni lami au changarawe, programu inakisia. Kama picha za barabarani za Google zipo dondosha yule mtu mdogo wa njano kila kilomita 3 au 4 uangalie, na uangalie tarehe ya picha pia, picha ya miaka 10 iliyopita inakupa historia tu.

Ramani ya joto ya Strava, programu ambayo watu wanarekodia safari zao, inasaidia, ile inayoonyesha wapi waendeshaji wanapita sana. Lakini iko namna ya kuisoma. Mstari kung'aa hauna maana pako tulivu, labda watu wanapita hapo kwa sababu hakuna pengine. Ninachotafuta mimi ni bonde lenye mistari miwili, mkubwa kwenye barabara kuu na mwingine mwembamba ng'ambo, huo mwembamba ni wenyeji wanaojua.

Kuhusu urefu wa kupanda: namba unayopewa kwenye mabonde yenye magenge mara nyingi ni uongo. Programu nyingi zinapima mwinuko kwa data ya satelaiti au ya chombo cha anga, kama ile iliyopimwa mwaka 2000 kwa rada ambayo kila kipimo kinawakilisha mraba wa kama mita 30 kwa 30. Barabara iliyobanwa kati ya genge na maji, mraba mmoja unashika maji mwingine unashika juu ya genge, basi programu inadhani unapanda ukuta na kushuka kila dakika. Handaki nalo inakuhesabia kama umepanda kilima chote juu yake. Kwa hiyo grafu ikiwa na meno meno kama msumeno pembeni kabisa ya mto, puuza. Grafu ikipanda taratibu kwa kilomita nzima na kushuka upande wa pili, huo ni mlima wa kweli, jiandae.

Hatua ya 4: jiulize nani anaitumia hiyo barabara na saa ngapi

Barabara moja inaweza kuwa peponi Jumapili asubuhi na jehanamu Jumanne. Kwenye mabonde ya mito adui mkubwa haonekani kwenye ramani ya kawaida, ni machimbo ya mchanga na kokoto. Mto ndo unaoleta huo mchanga kwa hiyo machimbo yako hukohuko bondeni, mara nyingi upande ule ule uliodhani hauna watu, na malori yake hayataki barabara nyembamba lakini hayana jinsi. Kwenye satelaiti yanaonekana kirahisi, mabwawa ya maji ya rangi ya ajabu yenye kingo zilizonyooka, marundo meupe au ya kahawia, na barabara ya kutokea imepauka kwa vumbi. Ukiyaona, fuata kwa jicho malori yanatokea wapi mpaka yanapoingia barabara kuu, hicho kipande ndo cha kukwepa siku za kazi. Wikiendi wengi wamefunga.

Wengine wa kuwafikiria ni watu wanaowahi kazini na kurudi, kama kuna mji mdomoni mwa bonde kibarabara chako kinaweza kuwa njia yao ya panya asubuhi. Wakati wa mavuno kuna matrekta, ambayo kwa kweli hayana shida, yanakwenda pole na dereva anaona mbali, tatizo ni matope wanayoacha kwenye kona. Watalii sasa, hao wanakuja wikiendi msimu mzuri na wanaelekea sehemu zilezile, maporomoko, ngome, kona ya kupigia picha, na wanaanza kujaa kuanzia saa 4 asubuhi. Ukipita hapo saa 1 utakuwa na mahali pote peke yako. Mi naanza na kile kipande maarufu alfajiri, vile visivyo na jina naviacha mchana.

Na kama kuna kipande cha barabara kuu ambacho hakikwepeki, labda kilomita 2 za kuunganisha, kiweke mapema asubuhi na ukipite kwa upande wa mteremko kama unaweza, kilomita 2 kwa spidi ya 35 ni dakika 3 na nusu tu. Kwa spidi ya 12 ukipanda ni dakika 10. Malori ni yaleyale ila unakaa nao mara tatu zaidi.

Hatua ya 5: uzungukie upande gani

Watu wengi hawafikirii hili kabisa na ni bure.

Ruti ikiwa ya duara, ukingo mmoja kwenda na mwingine kurudi, mto unabaki ndani ya duara. Kama nchini kwenu mnaendesha kushoto, zunguka kinyume na mishale ya saa: mto utakuwa kushoto kwako muda wote, upande wako kabisa bila barabara kukatiza kati yako na maji, na kona zako kubwa za kwenda darajani zinakuwa za kushoto kwa hiyo hukatizi magari yanayokuja. Kama mnaendesha kulia, zunguka kufuata mishale ya saa, mambo yanakuwa yaleyale. Ajabu ni kwamba mandhari na usalama vinataka kitu kimoja, ni nadra hiyo.

Lakini tuwe wakweli, duara la kingo mbili linakubali pale tu ambapo kingo zote mbili ni tulivu. Kama mmoja una barabara kuu, basi ama rudi njia ileile uliyoendea ama panda urudie juu ya bonde. Kurudi njia ileile sio ushamba! Bonde la kurudi ni bonde lingine, mwanga umehamia, magenge uliyoyapa mgongo sasa yako mbele. Mi siku za uchovu ndo nafanya hivyo na sijawahi kujuta.

Upepo nao. Siku za jua kwenye mabonde yenye milima pembeni, jua linapasha miteremko joto, hewa inapanda, na hewa nyingine inavutwa toka chini ya bonde kwenda juu. Huo upepo wa kupanda bonde unaanza kujisikia kabla ya saa 6 mchana na alasiri ndo unakuwa mkali. Usiku inageuka, hewa baridi inashuka bondeni kama maji, na asubuhi mapema bado unaikuta inateremka polepole. Kwa hiyo siku kavu ya jua: asubuhi shuka na mto, alasiri rudi ukipanda na mto, upepo unakusukuma mgongoni safari zote mbili. Mtu atasema lakini si utarudi unapanda umechoka? Piga hesabu. Mto unaoshuka mita 60 kwa kilomita 40 ni mwinuko wa asilimia 0.15, mguu hausikii hata. Upepo wa uso utausikia kila mita. Siku za mawingu mazito au dhoruba hii kanuni haifanyi kazi, upepo wa hali ya hewa unaingia bondeni kama kwenye bomba, ama unapanda ama unashuka, hapo angalia utabiri na anza kwa kuukabili ili urudi nao.

Hatua ya 6: milima ya ukingo maskini

Utulivu una bei yake na unalipa kwa kupanda. Pembeni ya mto pako flati, ila pale genge linapoziba kibarabara kinapanda, na milima hii ni mifupi lakini haina adabu. Mita 150 za kupanda ndani ya kilomita 1.5 ni asilimia 10, na inaweza kuja mara nne au tano kwa siku.

Hapo ni gia. Ukiwa na gia ya mbele ya meno 34 na kubwa ya nyuma ya meno 34, padeli ikizunguka mara moja tairi inazunguka mara moja, kama mita 2.1. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 7.5 kwa saa, bado umekaa kwenye siti na bado unapumua. Ukiwa na ya nyuma ya meno 25, kwa mwendo huohuo wa miguu lazima uende zaidi ya kilomita 10 kwa saa, na kwenye asilimia 10 wengi wetu hatuna hiyo nguvu, tunaishia kusimama kwenye padeli, magoti yanalia, mara ya tatu unashuka unasukuma. Kusukuma sio dhambi lakini badilisha gia kwanza, ni rahisi kuliko kubadilisha mapafu.

Muda mi nakadiria hivi: kilomita 20 kwa saa kwa njia yote, afu dakika 5 kwa kila mita 100 za kupanda, afu saa moja ya kusimama kwa sababu bondeni utasimama tu, utake usitake. Kilomita 50 zenye kupanda mita 600 ni saa 2 na nusu, jumlisha nusu saa, jumlisha saa moja, saa 4. Kwa safari ya kwanza bonde usilolijua usizidishe hapo.

Hatua ya 7: vitu vya kubeba

Sitarefusha. Tairi za milimita 28 mpaka 32 kama fremu inapokea, lami ya zamani ina viraka juu ya viraka na tairi nyembamba iliyojazwa upepo kama jiwe itakutetemesha mpaka meno. Tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, vyuma vya kubandulia tairi, funguo ndogo. Maji chupa mbili, na usinywe ya mto hata kama yanang'aa, juu yako kuna mashamba na mifugo. Koti jepesi la upepo maana huko chini asubuhi ni baridi kuliko ulikotoka. Taa ya nyuma hata mchana.

Simu: pakua ramani ya kutumia bila mtandao, minara ya simu haioni ndani ya bonde jembamba. GPS nayo kwenye magenge inaruka, mawimbi yanagonga ukuta wa mawe kabla hayajakufikia, unaweza kuonekana unaendesha katikati ya mto. Usigeuze njia kwa sababu mshale umehama mita 40. Kikaratasi chenye majina ya madaraja na kilomita zake, kile cha hatua ya 2, kinakaa mfukoni hakihitaji chaji.

Na kama reli inafuata bonde, andika stesheni zake. Unaweza kwenda kwa baiskeli kurudi kwa treni, au ikitokea shida ukatoka mapema. Uliza kwanza kama baiskeli zinaruhusiwa na saa ngapi.

Hatua ya 8: siku yenyewe

Alfajiri tegemea ukungu. Usiku hewa baridi imezama bondeni, juu ya mto ina unyevu, basi inakuwa maziwa matupu mpaka jua lipande saa kadhaa baadaye. Ni pazuri kwa picha na pabaya kwa macho ya dereva. Kama huoni mita 50 mbele mi nasubiri au naanza na barabara ya juu, mara nyingi huko juu ni jua kabisa na bonde liko chini kama limejazwa pamba.

Kona zenye kivuli ndo zinazoangusha watu. Kuna sehemu jua halifiki mpaka saa sita, lami inabaki mbichi, kuna majani yaliyooza na utando wa kijani katikati ya barabara pale ambapo matairi ya magari hayapiti. Nilishaanguka hivyo, kwa spidi ndogo tu ya kilomita 15 hivi, sikufunga breki, sikukata kona kali, tairi la mbele lilipita juu ya ule ukijani likaondoka, nikajikuta nimelala ubavu naangalia gurudumu linazunguka. Pita kwenye njia ya tairi ya gari, sio katikati wala pembeni kabisa.

Kwenye barabara ya gari moja yenye kona zisizoona mbele, kaa mahali utakapoonekana mapema, piga kengele kabla ya kona, na mkiwa wengi nyookeni mstari mmoja. Usijibanze kwenye ukingo wa lami, umevunjika na ukiukwepa ghafla unaingia mbele ya gari. Gari likikukuta nyuma pisha kwenye nafasi ya kwanza ya maana, punga mkono, dereva wa bondeni utakutana naye tena kesho.

Mteremko wa kurudi majini: punguza spidi kabla ya kona, sio ndani yake, na breki za ringi usizishike mfululizo, shika achia shika achia, ringi zinapata moto mpaka tyubu inaweza kupasuka. Chini kabisa kwenye kona ya mwisho ndo kokoto zinakusanyika zikisombwa na mvua, kila bonde, kila mara.

Na maji yakiwa juu ya barabara rudi. Maji yanayokimbia ya kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinabeba magari mengi madogo, wewe na baiskeli ya kilo 9 sio kitu. Hata yakishapungua, siku mbili tatu baadaye barabara za chini zinabaki na tope laini kama sabuni.

Hatua ya 9: rekebisha ukiwa bado unakumbuka

Ukifika nyumbani, kabla ya kuoga ikiwezekana, fungua faili la GPX, yaani lile lenye mstari wa ruti yako, uweke alama: hapa lami iliisha mita 800, hapa mbwa, hapa pana bomba la maji, hapa malori matatu ndani ya dakika 10. Kile kipande kilichokukera kitafutie njia ya pembeni jioni hiyohiyo, maana wiki ijayo utakuwa umesahau kama ni kabla au baada ya daraja la pili. Na ukikuta kosa kwenye ramani, kama lile daraja langu la reli, fungua akaunti OpenStreetMap ulirekebishe mwenyewe, ni bure na inachukua dakika chache. La kwangu nilirekebisha usiku uleule, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto.